Sufuria ya Kuuliza Majina

Jioni ile nilimkaribisha kiboko chai. Sikukusudia. Nilikuwa nimemaliza kuswali magharibi, nikasimama mlangoni na kanga yangu mabegani, nikaona kule kwenye tuta la mchicha kuna kitu kikubwa kimeinama. Nikajua ni Justa, jirani yangu, maana Justa ana tabia ya kuja kuchuma mchicha wangu giza likianza kuingia, akidhani sijui.

"Chuma tu, mwenzangu," nikamwambia. "Ukimaliza pita unywe chai."

Kile kikubwa hakikujibu. Kiliendelea kutafuna. Nikasema moyoni, leo Justa kashikwa na njaa ya kweli, anakula mbichi.

"Ukinyamaza hivyo nitajua umenuna," nikasema, nikateremka ngazi moja.

Hapo ndipo Justa mwenyewe aliponiita, kutoka dirishani kwake, upande mwingine kabisa wa ua. "Mama Khalidi, usimsogelee huyo. Rudi ndani kinyumenyume."

Nilirudi kinyumenyume kama nilivyoambiwa, kanga ikabaki kwenye ngazi. Kiboko alimaliza tuta lote, akashuka ziwani bila kuaga.

Sasa, Justa alipaswa kuninyamazia. Sisi ni wajane wawili tunaoishi mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, huku Luchelele, na wajane hutunziana siri. Lakini alikuwa amekasirika kwamba nilimfananisha na kiboko. Nilimweleza kwamba kulikuwa na giza. Akanijibu kuwa giza halimnenepeshi mtu. Asubuhi yake akampigia simu mwanangu Khalidi, akamweleza yote, na ile habari ya chai akaiongezea sukari.

Khalidi anakaa Buswelu. Amejenga nyumba ya vigae yenye ukuta, geti na mbwa. Ni mtoto mzuri, ila tangu alipoanza kuota kitambi anaongea kama mwenyekiti wa kikao. Alikuja na mkewe Yasmin, wakakaa barazani, na hata chai hakuisubiri ipoe.

"Mama, unahamia kwetu. Jumamosi nakuja na kirikuu, tunapakia kitanda na kabati."

"Kitanda kimekukosea nini?"

"Mama, hukumwona kiboko. Kiboko, Mama. Ukubwa wote ule."

"Nilimwona. Sikumtambua tu."

"Choo chako kiko kule nje, na njia ya kwenda chooni ndiyo njia ya kiboko. Kule kwangu, chumba chako kina choo humohumo ndani."

"Yaani nilale na choo."

"Siku hizi watu wote wanalala hivyo."

"Marehemu baba yako alikuwa fundi wa karabai za wavuvi, nililala naye akinuka mafuta ya taa na nikavumilia. Choo siwezi."

Yasmin akageukia ziwani kana kwamba kuna kitu anakitazama. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Niliwahi kukaa Buswelu kipindi cha Idi, kwa hiyo najua ninachokisema. Ukifungua dirisha unaona ukuta. Ukizunguka nyumba unaona upande wa pili wa ukuta uleule. Anayepita njiani yuko ndani ya gari na kioo kimefungwa. Hapa mwaloni, kabla sijanawa uso nimeshaamkiwa na watu wa mitumbwi, nimeshagombana na Justa, nimeshajua nani kapata sangara na nani kapata aibu. Kunitoa hapa ni kunizika halafu kuniletea chakula kaburini. Chakula chenyewe kizuri, sikatai, Yasmin anajua kupika.

"Nijibu jambo moja," nikamwambia Khalidi. "Tatizo ni giza au ni mimi?"

"Tatizo ni kwamba huoni."

"Sioni kwa sababu ile tochi uliyoninunulia inatoa mwanga wa kimulimuli mgonjwa. Nikipata taa ya maana, naona."

Khalidi akatabasamu vile anavyowatabasamia wateja. "Haya. Jumamosi baada ya magharibi nitamsimamisha mtu pale kwenye jiwe kubwa, karibu na maji. Wewe utasimama hapa barazani na taa yako ya maana. Ukimtaja ni nani, kirikuu kinarudi tupu. Ukishindwa, kitanda kinapanda."

"Na kabati?"

"Na kabati."

"Hakimu awe Yasmin," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimeyaona yale mabega.

Kuna jambo sikumwambia. Daktari alikuwa ameshaniangalia macho, akasema nina mtoto wa jicho, anatolewa kwa kisu kidogo tu. Nikamwambia nimezaa sita, huyu wa saba akae hapohapo alipo. Mimi hata nikichomwa sindano ya mkono huangalia pembeni. Sasa wakikuchoma jicho, utaangalia wapi?

Basi nikaifunga ile tochi kwenye ncha ya kanga, nikaenda Nyegezi kwa Pius. Pius ni fundi wa redio na simu, ana meza yake chini ya mwavuli karibu na stendi ya mabasi. Akaigeuza tochi mkononi. Ilikuwa ya plastiki, ya buluu, nyepesi kama ganda la yai.

"Bibi, hii ni ya watoto kuchezea."

"Ndiyo maana nimeileta kwa mtoto. Nataka mwanga wake utoke barazani kwangu ufike kwenye maji, na ukifika uwe bado na nguvu za kurudi."

Akacheka, lakini akavuta kiti. Akasema ile balbu itoke, iwekwe ile nyeupe ya bodaboda, inayomfanya dereva anayekuja mbele aone kiama. Betri za kawaida haziwezi kuisukuma, kwa hiyo akapasua betri ya laptopu iliyokufa. Humo ndani kulikuwa na vibetri vya duara vimelala pamoja kama vipande vya muhogo. Akavipima kimojakimoja, vilivyokufa akavitupa kwenye ndoo, vilivyo hai akaviweka kando kwa adabu.

"Hivi vina hasira, Bibi. Ncha zikigusana vinawaka moto. Usivilowanishe, usiviache juani, usivibane."

"Nina jirani wa namna hiyo."

Kwenye kulehemu nikamwambia anipishe. Nilikuwa namshikia marehemu kichuma cha moto Pius huyu akiwa hajazaliwa. Macho yalinisaidia kidogo, vidole vikamalizia. Risasi yangu ilikaa kwenye waya kama kinyesi cha mbuzi, kubwa na mviringo, lakini Pius aliivuta na haikutoka. Akaongeza kidude cha kuzuia umeme usizidi, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Jioni Justa akaja kutazama. Alikuwa bado amenuna, ila umbea unayeyusha kununa. Nikabonyeza. Mwanga ukaruka ukapiga mti wa mpera wa ng'ambo ya ua mpaka kuku waliolala juu yake wakadhani kumekucha.

"Eh," akasema Justa, na kwa Justa hiyo ni hotuba.

Halafu tukasikia harufu. Kichwa cha tochi kilianza kulegea. Kikainama polepole, kama mtu aliyepitiwa na usingizi msibani, kikazidi kuinama mpaka kikagusa mkono wangu, nikaitupa chini.

"Mwenzangu," akasema Justa, "tochi yako imesilimu. Inasujudu."

Kesho yake nilirudi kwa Pius na maiti ya tochi ndani ya mfuko. Hakushangaa. "Joto, Bibi. Mwanga mwingi una joto jingi, na plastiki haina pa kulipeleka. Tafuta bati nene la alumini, balbu ilale juu yake, lile bati linywe joto."

Sikwenda dukani. Jikoni kwangu kulikuwa na kisufuria cha kuchemshia maziwa, chenye mkono mrefu. Pius akatoboa kitako chake, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, akaifunga balbu kwa skrubu humo ndani kama yai la kukaanga. Kuizunguka akaweka kile kikombe king'aavu kinachokaa ndani ya taa ya pikipiki, ili mwanga usitawanyike, uende kama mshale, na mdomoni akaweka kioo. Betri akaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akazivisha plastiki zisigusane na bati, kopo nikalifunga mimi kwenye mkono wa sufuria kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ikabaki swichi. Pius hakuwa na swichi ndogo ya kuhimili umeme ule, tukaweka ya ukutani, ile ya kuwashia taa sebuleni. Ukiibonyeza inasema ta, kama mtu anayekemea mbuzi.

Watu wa stendi walikuwa wamekusanyika. Kondakta mmoja akaniuliza, "Bibi, hiyo inapika au inaona?"

"Inasubiri wasiojua kunyamaza," nikamjibu.

Ilikuwa Ijumaa. Jioni yake nikasimama barazani peke yangu, nikaielekeza sufuria ziwani, nikabonyeza.

Nilichokiona ni maziwa.

Sitanii. Mwanga ulitoka, nilijua umetoka kwa sababu mbwa wote wa mwaloni walibweka, lakini kwangu ulirudi mweupe na mzito, ukatanda machoni kama uji. Jiwe sikuliona. Ziwa sikuliona. Kabla ya kuwasha nilikuwa naona giza lenye vivuli, sasa hata vivuli vilikuwa vimekimbia. Yule mtoto wa jicho alikuwa anaogelea kwenye mwanga wangu kwa raha zake. Nikasimama pale na sufuria mkononi, nikakisikia kitanda changu kinaburutwa kwenda kwenye kirikuu. Nikapeleka kidole kwenye swichi nizime.

Sauti ikatoka majini. "Malimi wa Igombe. Baba yangu Chenge. Ndoano tupu, sina nyavu."

Nikaachia swichi. Nikaisogeza sufuria kidogo kushoto. Sauti nyingine: "Winnie, nafua tu, baba, nilichelewa. Mwalo wa hapahapa."

Hapa inabidi nimweleze msomaji asiye wa ziwani. Kwetu, giza likishaingia ukamulikwa na mwanga mkali ukiwa majini, hujiulizi ni nani. Ni doria, wale wanaosaka nyavu zilizokatazwa. Unaacha kasia, unanyanyua mikono, unataja jina lako, baba yako na mwalo wako, kwa sauti ya kusikika. Anayenyamaza huyo ndiye mwenye kitu cha kuficha, na mtumbwi wake utapekuliwa mpaka kwenye mbavu. Watoto wa mwaloni hulijua hilo kabla ya kujua kuogelea. Linaingia mwilini. Nimemwona kwa macho yangu, enzi yakiwa macho, mtu aliyemulikwa na lori barabarani, ndoo ya maji ikiwa kichwani, akanyanyua mikono yote miwili na kutaja baba yake. Maji yalimwosha mpaka miguuni.

Kwa hiyo nilizunguka na ile sufuria polepole, kushoto mpaka kulia, na kila nilipoigeuzia watu walijitaja. Nilijua nani anavua, nani anafua, nani amekaa na nani nyuma ya majabali wakati kwao wanamngoja kwa chakula. Sikuona hata mmoja wao. Nikazima, nikalala usingizi mtamu.

Jumamosi mchana Justa akaja kwa kunyata, jambo ambalo kwa umbo lake si dogo.

"Khalidi kaniomba nisimame mimi pale kwenye jiwe," akaninong'oneza. "Kasema nisitamke neno."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sawa. Kukohoa hakukutajwa."

Tukanywa chai. Ugomvi wa kiboko ukaishia hapo.

Alasiri kirikuu kikaingia, kinaendeshwa na kijana anaitwa Mashimba, kijiti cha meno mdomoni na kamba za kufungia mizigo tayari begani. Yasmin akanisalimia kwa kupiga goti kama kawaida yake. Khalidi akaitazama sufuria.

"Mama, hii ndiyo taa?"

"Ndiyo hiyo. Ukiiwasha sana, kwa nyuma inapasha na chai."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ya mtoto inauma kuliko matusi yake. Tukaswali magharibi, giza likakaa sawasawa, Khalidi akasema, "Naenda kumweka mtu wangu," akashuka kuelekea majini. Mimi nikasimama barazani, hakimu wangu Yasmin pembeni, na Mashimba amekaa ukingoni mwa bodi la kirikuu akisubiri kazi.

Nikabonyeza. Ta. Maziwa.

Nikasubiri kikohozi. Kikaja kweli, kikohozi kizuri, kizito, cha Justa mtupu. Ila kilitokea nyuma yangu, dirishani kwake.

Khalidi alikuwa amemrudisha Justa nyumbani na kuweka mtu mwingine, na Justa maskini alikuwa ananikoholea ili nijue. Justa akakohoa tena, kwa uchungu. Mashimba akasema, "Mama yule apewe tangawizi."

"Taja, Mama," akasema Yasmin taratibu.

"Ngoja, namwangalia vizuri. Mtu hatajwi kwa haraka kama nyanya."

Maji yanagonga mawe. Wadudu wa ziwa walikuwa wameshaiona taa, wale wadogo wanaokuja kama moshi, wakaanza kumiminika kwenye mwanga kutoka pande zote. Niliwasikia wakigonga kioo. Nikainua sufuria kidogo, mahali ambapo nilikisia kuna uso, nikaituliza. Yeyote aliyekuwa pale, alikuwa ameagizwa asiseme, na alikuwa anatii. Nilipitisha majina kichwani kama mtu anayechambua mchele. Pius? Mlevi fulani aliyeokotwa njiani? Kitanda changu kilikuwa nyuma ya ukuta ule, na mimi nilikuwa naangalia uji.

"Mama," akasema Yasmin tena.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa niseme Pius. Na Pius alikuwa Nyegezi wakati huo, anakula ugali wake kwa amani.

"Khalidi wa Mbaruku!" ikapaa sauti kutoka kwenye jiwe. "Mwalo wa Luchelele, sina nyavu!"

Halafu kikohozi, maana alikuwa amefungua mdomo katikati ya wadudu.

Nikazima taa. "Ni Khalidi," nikamwambia hakimu.

Mashimba aliteleza kutoka kwenye bodi akabaki amechuchumaa chini, ameshika gurudumu. Yasmin alikaa kwenye ngazi na mtandio mdomoni. Kule dirishani Justa alikuwa amesahau kukohoa, anacheka kama jembe linalogonga changarawe.

Mtu anaweza kujenga Buswelu, akaota kitambi, akafuga mbwa. Lakini Khalidi alikulia kwenye maji haya, na alipokuwa kijana aliwahi kumulikwa na doria akanyamaza, wakampekua mpaka kwenye kofia. Mwili haukusahau. Alijificha mwenyewe pale kwenye jiwe ili anishinde, nikamweka kwenye mwanga muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia, na mikono ikapanda yenyewe.

Alikuja juu anatema wadudu.

"Mama, uliniona?"

"Nilikutaja."

"Nimeuliza kama uliniona."

"Ulisema nitaje. Ungetaka nikuone ungesema nikuone."

"Nilijitaja mwenyewe."

"Nani alikulazimisha? Nilikushika koo?"

"Bosi," akauliza Mashimba kutoka chini, "mzigo upo au haupo?"

Khalidi alisimama mbele yangu anahema, na aliposema tena ile sauti ya mwenyekiti ilikuwa imekwisha. "Sawa, Mama. Watu watajitaja. Na kiboko? Kiboko hasemi jina lake."

Nikaiweka sufuria chini, kioo kikitazama ukuta.

Yasmin akainuka kwenye ngazi, akaja akanishika kiwiko. "Mama, ile taa ikiwaka, wewe unaona nini?"

Aliuliza polepole, kama anauliza chumvi imetosha. Nilikuwa na mzaha mdomoni, ukakataa kutoka.

"Maziwa," nikasema.

Khalidi akakaa kwenye mkeka. Nikawaeleza habari za daktari na za mtoto wa jicho. Ile ya kuzaa sita nikaisema pia, na hakuna aliyecheka, ndipo nikajua mambo ni mazito.

"Basi ndiyo hivyo," akasema Khalidi kwa upole. "Mashimba, ingia uchukue kitanda."

"Kitanda hakitoki," akasema Yasmin.

"Yasmin."

"Mimi ni hakimu. Ulisema amtaje mtu, mtu katajwa, tena kwa jina la baba na mwalo. Kitanda hakitoki na kabati halitoki." Akanigeukia mimi. "Lakini Mama anakwenda hospitali. Hii nayo ni hukumu."

"Hiyo hatukukubaliana," nikasema.

"Na kiboko hatukukubaliana naye."

"Kisu kwenye jicho, mwanangu. Nitaangalia wapi?"

"Wanafanya jicho moja kwanza. Lile lingine utaniangalia mimi."

Nikafukuza wadudu usoni kwa ncha ya kanga, na Justa kule dirishani katega sikio asipitwe na neno.

"Nikitoka hospitali nakaa kwenu mpaka bandeji itoke, si zaidi," nikasema. "Nakuja na mkeka na sufuria yangu. Kitanda kinanisubiri hapa kikiwa kimetandikwa, ili kijue narudi."

"Na ukirudi ukawa bado huoni?" akauliza Khalidi.

Hilo lilikuwa swali la haki. "Basi utakifunga kitanda mwenyewe," nikamwambia, "na mimi nitakushikia taa."

Mashimba alikuwa amekuja kubeba nyumba, akapewa mkeka. Alisikitika. Aliufunga kwa kamba zote alizokuja nazo, kama anafunga ng'ombe.

Ya hospitali sitayaeleza, kwa sababu niliangalia mtandio wa Yasmin wakati wote na ulikuwa na maua ya njano. Buswelu nilikaa kwa utulivu. Yule mbwa alinibwekea jioni ya kwanza, nikammulika kwa sufuria. Hakusema jina, ila hakunibwekea tena. Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza nilichokiona ni Khalidi ameinama mbele yangu, kichwa chote mvi. Hakuna mtu aliyeniambia kuwa mwanangu ana mvi. Nikaishika ile mvi, akaniachia niishike.

"Unaniona?" akauliza.

"Nakuona. Ungeniambia umezeeka ningekuonea huruma pale kwenye jiwe."

Akanirudisha mwaloni yeye mwenyewe. Alinisimamisha barazani mchana kweupe, akazunguka mbali na kunionyesha vidole, mkono mmoja, mikono miwili, nikataja vyote, hata kile alichokikunja akidhani atanipata. Akaingia ndani, akakaa kidogo kwenye kitanda changu, akakipigapiga kama mtu anayeaga ng'ombe aliyeshindwa kumnunua. Akaondoka.

Jioni hiyo Justa alikuwa nje kwake na mimi nje kwangu. Nikasikia kasia majini, nikainua sufuria nikabonyeza. Mtumbwi ukaja katikati ya mwanga, na kwa mara ya kwanza niliona taa yangu inachoona. Inaona hadi mishono ya nguo.

"Josephat wa Kayenze," akasema aliyenyanyua mikono. "Ndoano tupu, sina nyavu."

Alikuwa Antoni. Antoni mwenyewe, mtoto wa dada yake Justa, na ile fulana yake nyekundu iliyochanika begani. Miguu yake ilikuwa imezama mpaka vifundoni ndani ya nyavu.

Nikakumbuka majina yote niliyopewa tangu niiunde ile taa, na jinsi nilivyolala nikijiona najua mwalo mzima. Ni vizuri kwamba mwanangu peke yake ndiye asiyejua kudanganya.

"Haya, Josephat," nikamwambia. "Pita salama. Wasalimie Kayenze."

"Nani huyo?" akaniuliza Justa kutoka uani kwake.

"Josephat wa Kayenze, kasema."

"Ndivyo nilivyosikia," akasema Justa, akageuka kuingia ndani haraka. Alikuwa na beseni mkononi, tupu, na kisu cha kuparia magamba ndani yake.

Asubuhi aliniletea sato wawili, wameshaparwa na kutiwa chumvi. Nikampa mchicha. Jina la mvuvi sikuliuliza.